Usingizi wa Vichanga wa Chewa

Irie Fusae alipoajiriwa kwenye kituo chetu cha kutotolea samaki alikuwa na miaka hamsini na sita, na kazi aliyopewa ni kufagia sakafu na kufyonza uchafu uliotuama ndani ya matangi kwa mpira wa maji. Hakuna aliyemtarajia kufanya zaidi ya hapo, na mimi ndiye niliyemtarajia kidogo kuliko wote. Ilikuwa Aprili ya mwaka 1986.

Kabla ya hapo, kwa miaka ishirini na tisa, yeye na mumewe Tokuji walikuwa wakitengeneza tofu, jibini ya soya, kwenye duka lililokuwa chini ya nyumba yao, hatua chache kutoka gati ya feri. Tokuji alisaga soya, Fusae alichemsha na kukamua. Kisha mgongo wa Tokuji ukagoma, na mwaka uleule likafunguliwa duka kubwa lililouza tofu za bara zilizofungwa kwenye plastiki. Wakafunga. Tokuji akabaki nyumbani na redio yake na ulimi wake, Fusae akaja kwetu akiwa amevaa buti zilezile za mpira alizokuwa akivaa dukani.

Mimi naitwa Kumabe. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na saba, shahada ya ufugaji wa samaki, na rekodi ya kushindwa miaka minne mfululizo. Nilikuwa mtu wa chewa. Chewa wakubwa wa visiwa vya Goto, wale ambao mmoja wao wakati wa baridi anatosha chungu cha ukoo mzima, walikuwa wamevuliwa mpaka wakaanza kuwa hadithi, na mkoa ulitaka tuwatotoe na kuwarudisha baharini. Kupata mayai hakukuwa shida. Mayai yalielea vizuri, yakaanguliwa vizuri. Tulikuwa tukianza na vichanga laki tatu katika matangi manne ya saruji, kila mmoja akiwa na urefu wa punje ya ufuta. Siku ya kumi wamebaki elfu chache. Kiangazi kikiisha, waliobaki wanaingia kwenye karai moja. Mwaka uliotangulia tulipata samaki arobaini na mmoja. Nilikuwa nawajua kwa sura.

Barua ya mkoa ilikuwa imefika Machi, ikisema kwa adabu kwamba msimu huu ndio wa mwisho.

Mkuu wetu, Bwana Odajima, alikuwa mpole na mtu wa taratibu. Moja ya taratibu zake ilihusu usiku: ikifika saa kumi na mbili jioni taa zinazimwa, koki za hewa zinafungwa mpaka zibaki zikitoa kipovu kimoja kimoja, na hakuna anayeingia mpaka saa moja asubuhi. Ngozi ya kichanga wa chewa ni nyembamba kuliko utando wa kitunguu, na kila mtu katika kazi yetu alijua kwamba mapovu makali humchana. Kwa hiyo usiku tuliwaachia utulivu. Asubuhi tulikuta maiti, tukasema ni njaa, na kila mwaka mimi nilibuni chakula kipya chenye mafuta mengi zaidi.

Sasa, mtu aliyetengeneza tofu miaka ishirini na tisa haamki asubuhi. Anaamka saa tisa usiku. Duka lilifungwa lakini mwili wa Fusae haukupewa taarifa. Saa tisa macho yako wazi, anaanza kupangua vyombo, Tokuji anamlalamikia kwamba hata mgonjwa hapewi nafasi ya kulala. Basi akawa anapanda baiskeli na kuja kazini. Mlinzi wa lango alikuwa binamu yake, naye hakuona ubaya wa mama mtu mzima kuwahi kazini.

Asubuhi moja ya Mei, siku ya nne tangu mayai yaanguliwe, nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ananisubiri.

"Mwalimu," akaniambia. Alikuwa akiniita Mwalimu, na sikuwahi kujua kama ni heshima au ni dhihaka. "Hawa watoto wako mbona usiku wanalala sakafuni?"

Nikacheka. Nikamwambia samaki hana hata kope, atalalaje. Isitoshe hawa wana siku nne tu duniani.

"Mtoto wa siku nne ana kazi gani nyingine?" akasema. "Njoo uone hapa."

Alikuwa ameweka beseni mbili nyeupe. Moja ilikuwa na uchafu alioufyonza jana saa kumi na moja jioni, nyingine ya alfajiri hiyohiyo, zote kutoka tangi namba tatu. Kwenye ile ya jioni nilihesabu maiti ishirini na kitu. Ile ya alfajiri ilikuwa na tabaka jeupe chini, kama maji ya kuoshea mchele yaliyoachwa yakatuama. Walikuwa maelfu.

"Waangalie matumbo," akasema.

Nikachukua wachache kwa mrija, nikawaweka chini ya hadubini. Matumbo yalikuwa yamejaa. Kila mmoja alikuwa ameshiba vijidudu vya chakula tulivyompa jana, wengine wameshiba mpaka tumbo limevimba. Kiumbe hafi njaa akiwa ameshiba. Nilibaki nimeinamia hadubini muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu sikutaka auone uso wangu. Miaka minne nilikuwa nikiwahesabu maiti saa tatu asubuhi, wa mchana na wa usiku wamechanganyika, na sikuwahi kujiuliza wamekufa saa ngapi.

Hata hivyo nilikuwa na shahada yangu ya kulinda. Nikasema huenda ni bahati mbaya ya tangi moja.

"Basi njoo usiku," akasema. "Au unaogopa giza?"

Nilikuja usiku uleule, bila kumwambia Mkuu. Fusae alikuwa ameifunga tochi kwa karatasi nyekundu ya kufungia maandazi ya kunde, kwa sababu, alisema, mwanga mweupe unawashtua kama mtu aliyefunuliwa shuka. Tulianza kabla jua halijazama. Nilichokiona tangu saa hiyo hadi alfajiri ndicho nilichokuja kukifanyia kazi maisha yangu yote.

Mchana nilikuwa nawajua. Wana rangi, madoa meusi yametanda mgongoni, wanaelekeza macho, wanajikunja kama herufi S na kurukia chakula. Jua lilipoanza kushuka waliacha kula. Wengi wakapanda juu, wakawa wanagonga uso wa maji kwa vichwa vyao, wanagonga na kurudi, wanagonga na kurudi. Giza lilipoingia yale madoa yakasinyaa yakawa nukta, mwili ukabaki kama kioo, ungeona macho mawili tu yanaelea. Kisha mikia ikaacha kupiga. Sikuwa nimewahi kuiona mikia ile ikiwa imetulia. Na walipotulia wakaanza kushuka, kichwa chini, polepole, kama unga unaotua ndani ya glasi ya maji. Hawakushtuka, hawakujitetea. Walifika kwenye saruji, wakaigusa, wakasuguliwa na mkondo mdogo uliokuwa pale chini, na ile ngozi yao nyembamba ikachanika. Kulipopambazuka waliosalimika wakaamka, wakapata rangi, wakapanda juu kuwinda. Waliobaki chini hawakuamka.

"Umewaona?" Fusae akaniuliza.

Nikasema nimewaona.

Kwa siku tatu zilizofuata sikulala sawasawa. Kila baada ya saa moja nilitoa vichanga kumi, nikawaweka chini ya hadubini na kuwachora. Ndani ya baadhi yao kulikuwa na kipovu kidogo chini ya uti wa mgongo, kifuko cha hewa. Mchana kilikuwa kama tundu la sindano. Jioni kilianza kutuna, na usiku wa manane kilikuwa mara mbili ya cha mchana. Wenye kipovu walining'inia katikati ya maji wamelala salama. Wasio nacho ndio waliozama. Na wasio nacho walikuwa wengi: kati ya kila kumi, wanane.

Nikaenda kwa Mkuu Odajima na michoro yangu. Nikamwomba kitu kimoja, tuongeze hewa usiku ili mapovu yanyanyue maji kutoka chini na kuwazuia wasifike sakafuni. Aliangalia michoro yote, moja baada ya nyingine, akaisifu. Kisha akasema hapana. Mapovu makali yanaua vichanga, kila kitabu kinasema hivyo, na hakuwa tayari kuandika kwenye ripoti ya msimu wa mwisho kwamba tumewaua wenyewe. Nikainama, nikatoka.

Nilimkuta Fusae anasugua mipira ya maji. Nikamweleza. Akaniuliza vitabu hivyo vimepima mapovu mchana au usiku. Nikasema mchana. Akaendelea kusugua.

Asubuhi iliyofuata nilipofika Mkuu alikuwa amenitangulia. Alikuwa amesimama mbele ya tangi namba tatu, na maji yake yalikuwa yanachemka kutoka katikati kama sufuria. Koki ilikuwa imefunguliwa nusu nzima.

"Nani amefungua hii?" akauliza. Hakupaza sauti. Hakuwahi kupaza sauti, na ndiyo maana tulimwogopa.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikasema, "Ni mimi, Mkuu."

"Mwongo huyo," Fusae akasema kutoka nyuma ya tangi. "Alikuwa kwao anakoroma. Nimefungua mimi saa moja usiku. Ukitaka kunifukuza nifukuze, ila angalia kwanza hii beseni."

Akaiweka miguuni pa Mkuu. Mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akachutama. Ndani ya beseni kulikuwa na uchafu wa kawaida, na maiti ambao mtu angeweza kuwahesabu kwa kidole. Nikawahesabu: sitini na wanne. Tangi la jirani, lililofuata taratibu, lilikuwa limepoteza elfu sita usiku huohuo.

Bwana Odajima akasimama, akaenda mwenyewe kwenye tangi namba moja, namba mbili na namba nne, akaziangalia koki kana kwamba ndiyo mara ya kwanza anaziona. "Usiku wa leo," akasema, "zote." Akageuka kumwangalia Fusae. "Na wewe, Mama Irie, siku nyingine uniamshe. Nakaa hatua mia mbili kutoka hapa."

Siku ya kumi tulikuwa na vichanga elfu themanini. Nilihesabu mara tatu kwa sababu sikuamini. Nilimpigia simu mama yangu bara kumweleza, naye akauliza kama hiyo ina maana nitaoa sasa.

Lakini furaha ile ilikaa wiki tatu tu. Samaki walipofikia urefu wa ukucha nilianza kuwaona wanaogelea vichwa juu, kwa taabu, kama mtu anayepanda ngazi isiyoisha. Migongo yao ilikuwa imepinda. Ni walewale wasio na kipovu. Mapovu yetu yalikuwa yamewaokoa na usiku, ila mchana hawakuwa na kitu cha kuwabeba, wakawa wanajikunja kutafuta mizani mpaka mfupa ukapindia hapohapo. Wanane kati ya kumi. Samaki wa aina ile humpeleki baharini. Unamwua.

Nilitaka kuacha kazi. Nilimwambia Fusae hivyo tukiwa tumekaa nje, anakula bakuli lake la wali na kachumbari ya figili. Hakunibembeleza. Alikuwa anafikiria jambo lingine.

"Wale wanaogonga juu jioni," akasema. "Wanatafuta nini?"

Nikamwambia wanatafuta hewa. Wanameza tone la hewa, ndilo linalofungua kifuko. Mlango huo uko wazi siku chache tu, kama ya nne hadi ya nane, kisha unajifunga maisha.

"Na wakigonga hawapiti?"

Nikasema sijui kwa nini hawapiti.

Akaweka chini bakuli. "Mimi najua utando nikiuona, Mwalimu. Nimeutoa juu ya maziwa ya soya kila siku ya Mungu tangu nikiwa bibi harusi. Maji yako yana utando."

Tukaingia ndani. Akainamisha kichwa mpaka jicho likawa sambamba na maji, akanivuta shingo nami nifanye vivyo hivyo. Nikauona. Ulikuwa mwembamba sana, unang'aa rangi za upinde wa mvua karibu na ukuta. Yalikuwa mafuta. Yalikuwa mafuta yangu mimi, yale niliyoongeza kwenye chakula kila mwaka ili kupigana na njaa ambayo haikuwapo. Kwa kiumbe mwenye urefu wa milimita tatu, utando ule ni paa la bati. Walikuwa wakipanda kila jioni kugonga paa, na paa nililiezeka mimi.

Nilimweleza Mkuu hayo yote siku hiyohiyo, pamoja na sehemu yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema chewa majike wana mayai ya mwisho ya msimu, yatapatikana katikati ya Juni, na akauliza Mama Irie anahitaji vifaa gani.

Alihitaji karatasi. Karatasi nyeupe pana, za duka la vitabu. Kuanzia siku ya tatu ya kundi lile jipya, kila jioni jua likianza kushuka, tulipunguza hewa kwa saa mbili ili uso wa maji utulie, na Fusae akaanza kazi yake. Alilaza karatasi juu ya maji kwa ncha za vidole, akaivuta kuelekea kwake bila kukunja hata kona moja, akainyanyua ikiwa imebeba mafuta na maji yakabaki meusi na safi. Nilijaribu mimi, nikazamisha karatasi. Mkuu akajaribu, akalowa mpaka kwenye tai. Fusae alitucheka sote wawili, akasema ndoa zetu zingevunjika asubuhi ya kwanza dukani. Usiku ulipotanda tulifungua koki tena, hewa ikainua maji, vichanga wakalala wakiwa wananyanyuliwa.

Jioni ya siku ya tano nilikuwa nimeshika tochi nyekundu, na Fusae amelala kifudifudi kwenye ubao juu ya tangi. Vichanga wakapanda. Wakagonga, na safari hii hawakurudi kugonga tena. Walipita, wakameza, wakashuka taratibu.

"Wanakunywa," akaninong'oneza. "Mwalimu, wanakunywa."

Usiku ule nilitoa vichanga hamsini na kuwaweka chini ya hadubini. Arobaini na sita walikuwa na kipovu, kimetuna, kinang'aa kama shanga ya fedha. Nilimwita aangalie mwenyewe. Alivua kitambaa cha kichwa, akafunga jicho moja, akaangalia. Alipoinuka alinipiga kofi la mgongo ambalo nililisikia mpaka kesho yake.

Kufikia Septemba tulikuwa na chewa elfu thelathini na moja, wenye urefu wa kidole cha shahada, migongo imenyooka, wakali, wanagombania pembe za matangi kama wenye nyumba. Mkoa haukutuma barua tena, ulituma watu. Walitaka sherehe ya kuwaachia samaki ghubani, saa kumi na moja jioni, ili picha zipate mwanga mzuri na wageni wapate chakula cha jioni baadaye.

Fusae akakataa. Aliingia ofisini kwa Mkuu na buti zake, mbele ya wageni wenye suti, akasema huwezi kumtoa mtoto nyumbani kwake na kumtupa mahali pageni halafu ukamzimia taa. Waachiwe alfajiri, wapate mchana mzima wa kutafuta mawe ya kujificha. Ofisa mmoja akajaribu kumweleza kuhusu ratiba ya feri. Bwana Odajima, mtu wa taratibu, akamkatiza.

"Sherehe itakuwa saa kumi na mbili asubuhi," akasema. "Mama Irie ameshaeleza sababu."

Na ikawa hivyo. Watu wa suti walikuja wakipiga miayo, kisiwa kizima kikaja nyuma yao. Tokuji alikuja amekaa kwenye mkokoteni wa mpwa wake, amefungiwa mto mgongoni, akimwambia kila aliyepita kwamba miaka ishirini na tisa mke wake alimwamsha saa tisa usiku na leo ndiyo anaelewa alikuwa anafanya mazoezi ya nini. Alikuwa analia wakati anatania, na hakujificha.

Ndoo ya kwanza ilikuwa iwe ya ofisa mkubwa. Aliishika, akaangalia maji, akaangalia chewa wadogo waliokuwa wakimtazama kutoka ndani, kisha akamkabidhi Fusae kwa mikono miwili. Fusae akashuka ngazi za gati mpaka maji yalipofika kwenye buti. Akaiinamisha ndoo taratibu sana. Samaki wakatoka kundi moja, wakasita kidogo kwenye maji ya baridi, kisha wakazama kwenda chini kwenye mawe, wakiwa macho, kwa nguvu zao wenyewe, kila mmoja akijua pa kwenda.

Akanyanyua ndoo tupu juu ya kichwa chake ili watu wa nyuma waione. Sijawahi kusikia gati ile ikipiga makelele kama yale. Kisha akageuka, akaniangalia, akanyoosha mkono kutaka ndoo nyingine.